Chembe Ambayo Hatukuiona

Dada alinipigia simu nikiwa zamu. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini katika chumba cha kuongozea mitambo, mashine yetu inazungusha protoni chini ya ardhi, na kazi yangu asubuhi hiyo ilikuwa kuangalia kama data zinaingia bila hitilafu. Simu ilikuwa mfukoni, nimeizima sauti. Nilipoona ameita mara nyingi mfululizo nikajua kuna jambo, kwa sababu dada yangu si mtu wa kupiga simu. Yeye hutuma ujumbe wa sauti, mrefu, kuku wakisikika nyuma yake.

Nikamwomba mwenzangu ashike nafasi yangu, nikatoka nje.

"Baba ameanguka shambani," dada akasema. "Alikuwa anapulizia mikorosho. Wamemkuta chini, bomba la dawa bado liko mgongoni linanguruma."

"Anaongea?"

"Anaongea," akasema. "Lakini njoo."

Mimi ni mtoto wa Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, na mama alifariki nikiwa chuo kikuu. Tulibaki watoto wawili. Dada aliolewa Mtua, upande wa Nachingwea, na mimi nikasoma fizikia mpaka nikajikuta Ulaya, katika maabara moja kubwa ambako watu wa mataifa mengi wanagonganisha protoni ili waone kinachotoka.

Niieleze kazi hiyo, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kuna bomba la duara lililofukiwa chini ya mashamba na vijiji. Ukitaka kulizunguka kwa miguu utaondoka asubuhi na kurudi jioni miguu ikiuma. Ndani yake protoni zinakimbizwa pande mbili zinazoelekeana, karibu na kasi ya mwanga, na katika sehemu chache zinakutanishwa. Nyingi hupishana. Zile zinazogongana huvunjika, na nguvu ya mgongano inageuka kuwa chembe nyingine zinazoruka kila upande. Mahali hapo pa kukutania tumejenga kitambuzi kirefu kama jengo la ghorofa, chenye kazi ya kuandika chembe gani imepita wapi.

Karibu zote zinazopita tunazijua. Tunazitafuta zile tusizozijua. Chembe mpya, kama ni nzito, haiishi muda wa kutosha kuonekana yenyewe; inavunjika papo hapo na kuacha, tuseme, chembe mbili tunazozijua, ziitwazo myuoni. Hizo tunaziona. Tunapima nguvu za zote mbili, tunarudi nyuma kwa hesabu na kuuliza: mzazi wao alikuwa na uzito gani? Tukifanya hivyo kwa migongano isiyo na idadi tunapata grafu inayoshuka taratibu kama mteremko. Ikiwa kuna chembe mpya, mahali fulani kwenye mteremko huo patatokea kinundu.

Katika data za miaka ya nyuma, kabla sijajiunga, kinundu kilikuwapo. Kilikuwa kidogo, hakikutosha mtu kusimama mbele ya watu na kusema tumepata. Huenda kilikuwa bahati tu, kama sarafu inavyoweza kuangukia upande mmoja mara kadhaa bila sababu yoyote. Kazi yangu ya shahada ya uzamivu, mimi na wenzangu wachache, ilikuwa kutafuta tena mahali palepale kwa kutumia data mpya, nyingi zaidi. Na ili tusijidanganye, sehemu hiyo ya grafu tuliifunika. Hakuna aliyeruhusiwa kuona data za pale mpaka njia yetu yote ya hesabu ikaguliwe na kupitishwa. Siku ya kufunua tunaiita siku ya kufungua. Dada aliponipigia, siku hiyo ilikuwa imekaribia.

Nilimweleza msimamizi wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Nenda kwa baba yako. Utashiriki kwa mtandao ukiweza. Usipoweza, hatutakulaumu."

Baba alikuwa anaijua kazi yangu kwa namna yake. Mwaka mmoja kabla nilikuja likizo wakati wa ufuta. Tulikuwa tumetandika turubai uwanjani, yeye anakung'uta mafungu yaliyokauka, mimi napepeta. Akaniuliza bila kunitazama, "Mama, hicho mnachokitafuta huko ni kitu gani hasa?" Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Ni chembe, baba. Ndogo kuliko kitu chochote."

Akachukua punje ya ufuta akaiweka kwenye kiganja. "Kuliko hii?"

"Ndani ya hiyo moja zimo chembe nyingi kuliko ufuta wote uliowahi kuvunwa Ruangwa."

Akaitazama muda. "Na hiyo yenu imo humu?"

"Haimo. Hiyo, kama ipo, ilikuwapo mwanzo kabisa, dunia ilipokuwa inaanza, halafu ikavunjika ikaisha. Sisi tunajaribu kuitengeneza tena."

"Kama ipo."

"Ndiyo, baba. Kama ipo."

"Ikionekana itasaidia nini?"

"Tutajua jinsi vitu vilivyoundwa. Zaidi ya hapo sijui."

Akaendelea kukung'uta, nikadhani yameishia hapo. Ijumaa iliyofuata, walipotoka msikitini, aliwaambia wenzake kwamba binti yake anatafuta kitu ambacho Mungu alikiumba kabla ya jua. Tangu siku hiyo watu wakawa wanamuuliza, mzee, imeonekana? Yeye anajibu, bado. Walimuuliza dukani, walimuuliza kwenye chama cha msingi cha ushirika walipokuwa wanasubiri korosho zipimwe. Wengine walicheka. Wengine walidhani natafuta madini, maana wilaya yetu ina watu wanaochimba dhahabu na ina madini ya kinywe, yale ya kutengenezea penseli, na jirani mmoja aliwahi kunivuta pembeni kuniuliza kama kitu hicho kinaweza kupatikana hata huku. Nilimwambia hapana. Hakuniamini.

Baada ya safari ndefu ya ndege na basi nilishuka Nanganga alasiri, pale barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, nikapata gari la kuelekea nyumbani. Njia nzima mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na majani yake yamefunikwa na unga wa salfa. Watu walikuwa mashambani na mabomba yao, nyuso zimefungwa vitambaa. Nilitazama nje kwa sababu sikutaka kufikiria nitakachokikuta.

Baba alikuwa amelazwa chumba cha mbele. Hospitali walikuwa wamemruhusu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama wa mtu mwingine na mdomo umevutwa upande. Nikapiga magoti karibu na kitanda.

"Shikamoo, baba."

Akanitazama. Alinijua, hilo liliniingia moyoni mara moja. Akafungua mdomo, akasema maneno mengi, ya haraka, yenye kuvutwa. Yalikuwa ya Kimwera, lugha ya kwetu. Niliokota mawili matatu: njia, chakula, mtoto. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikamwambia nimesafiri salama, nikamuuliza anajisikiaje. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Kiswahili kimeondoka," akasema. "Daktari anasema inatokea kwa mtu wa kiharusi. Alichojifunza kwa mama yake kimebaki. Cha shule na sokoni kimefutika."

"Kitarudi?"

"Hakusema."

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hilo, inabidi ajue jinsi tulivyoishi. Mama alituzungumzia Kimwera. Baba alituzungumzia Kiswahili, kwa makusudi, kwa sababu yeye aliacha shule mapema na alitaka sisi tusipate shida darasani. Dada, aliyekaa nyumbani muda mrefu zaidi, alizishika lugha zote mbili. Mimi nilikwenda bweni Nachingwea nikiwa mdogo, na Kimwera changu kikabaki pale nilipokiacha, cha mtoto: nipe maji, nimeshiba, panauma. Mimi na baba lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Ndiyo tuliyoitumia kuzungumza masomo yangu, ndiyo aliyoitumia kuniambia kwa simu kwamba mama amefariki. Sasa tulikuwa tumekaa chumba kimoja na hatuna tunachoweza kuambiana.

Basi nikaanza kujifunza. Asubuhi dada alinifundisha maneno wakati tunamgeuza na kumwosha. Nilimlisha uji, nilimnyoosha vidole kimoja kimoja kama walivyotuelekeza hospitali, na kila nilichofanya nilijaribu kukitaja. Nilikosea sana. Siku moja, badala ya kumwambia ageuke, inaonekana nilimwambia aive. Dada aliangua kicheko, na baba akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, mpaka machozi yakamtoka. Nilifurahi kupita kiasi kwa kosa hilo.

Kila baada ya siku chache aliuliza. Neno la Kimwera alilotumia nilikuwa silijui, lakini aliinua mkono wa kushoto, akakutanisha kidole gumba na cha shahada kama aliyeshika punje, akaninyooshea. Nilijibu: bado. Neno hilo dada alinifundisha mapema.

Mtandao wa Nkowe haukutosha kwa mkutano wa video. Siku ya kufungua ilipofika nilimwambia dada kwamba nafikiria kutoshiriki.

"Kwa nini?" akauliza. Alikuwa anafua mashuka. "Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Nitakuacha peke yako kutwa nzima."

"Nimekuwa peke yangu," akasema, bila ukali, akaendelea kufua. "Nenda."

Nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, na kutoka hapo basi dogo la Nachingwea. Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari. Alikuwa amestaafu, anaishi peke yake si mbali na soko, na kwake mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuta ameshafuta meza na kutandika kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mkono bado."

"Mungu atamsaidia. Kaa. Mimi nitakaa wapi?"

Nikamweleza kwamba kwa taratibu zetu matokeo hayaonyeshwi mtu wa nje kabla hayajatangazwa. Nilisema kwa woga, nikiwa kwenye nyumba yake, nikitumia mtandao wake. Yeye aliona ni jambo la kawaida kabisa. Akachukua ungo wa mchele, akahamia upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta, akaanza kuchambua.

Mkutano ulianza karibu na adhuhuri. Nyuso za wenzangu zilijipanga kwenye visanduku vidogo. Mmoja wao, tuliyefanya naye kazi tangu mwanzo, ndiye aliyekuwa na programu mikononi. Tulipitia ukaguzi wa mwisho. Mwenyekiti akauliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi la kufungua. Hakuna aliyesema. Akauliza tena, kama inavyotakiwa. Mwenzangu akabonyeza, na tukasubiri kompyuta imalize.

Mtu akiniuliza nilitegemea nini, sina jibu moja. Nilijua hesabu. Nilijua kwamba vinundu vingi vya aina ile huishia kuwa bahati, na nilikuwa nimewaambia wengine hivyo mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyekomaa. Lakini kwa muda wote wa kazi ile nilikuwa nikilala na kuamka nacho. Nilishajua hata nitasimama vipi siku ya kukieleza.

Grafu ikatokea. Macho yangu yakaenda moja kwa moja mahali pale. Vitone vyeusi vilikuwa vimekaa juu ya mstari, kimoja baada ya kingine, vinateremka nao. Pale palipokuwa na kinundu, kitone kimoja kilikuwa hata chini kidogo ya mstari.

Mtu mmoja alikohoa akazima kipaza sauti chake. Halafu msimamizi wangu akasema, "Basi, ndivyo ilivyo. Kazi nzuri." Na ilikuwa kazi nzuri, hilo sikulitilia shaka. Ilikuwa zamu yangu kusoma mipaka, yaani kueleza ni uzito gani na nguvu zipi ambazo sasa tunaweza kusema kwamba chembe ya namna hiyo haipo hapo. Nilisoma. Wakauliza maswali, nikajibu, tukaagana.

Nilifunga kompyuta. Mwalimu alikuwa bado anachambua mchele.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Alinitazama, mkono umesimama juu ya ungo. Akainuka akaenda jikoni, na nikasikia anapuliza mkaa. Nilitegemea kulia. Sikulia. Nilihisi njaa kali, na niliona aibu kuihisi.

Tulipokuwa tunakula aliniambia, "Mimi nilifundisha fizikia nikiwa na chaki tu. Miaka mingine hata waya wa kuonyesha umeme nilinunua mwenyewe. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: chora, halafu amini. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuona kitu hata kimoja katika vile nilivyowachorea." Akanisogezea mboga. "Wewe umekwenda kutazama. Kula."

Matokeo hayakutangazwa mpaka baada ya wiki kadhaa. Niliomba kubaki nyumbani, nikapewa ruhusa ya kuandika ripoti hukohuko. Nilikuwa naandika Nkowe, na nikitaka kutuma kazi nakwenda Ruangwa mjini. Muda wote huo baba aliponinyooshea vidole vyake nilimjibu bado, kwa sababu sikuwa na haki ya kusema jingine. Lilikuwa neno dogo, lakini kila nilipolitamka nilimwona anaridhika, na hilo lilinielemea.

Siku yalipotangazwa nilimwambia dada kwanza, uani. Akasema, "Mwambie leo. Leo ana nguvu."

Nilikuwa nimejiandalia sentensi. Nikakaa kitandani kwake nikasema kwa Kimwera changu kibovu: baba, kile kitu, tumekitafuta, hatukukiona.

Alielewa mara moja. Akauliza jambo, haraka, nikamgeukia dada.

"Anauliza, kimepotea au hakikuwapo?"

"Mwambie hatuwezi kusema hakipo kabisa. Tunaweza kusema kwamba pale tulipoangalia hakipo."

Dada akaanza, akasita, akaanza upya, akaacha. "Hiyo siwezi," akasema. "Nikiisema inakuwa kama vile umekidondosha mahali."

Tukafikiri. Mwishowe nikamwambia aseme habari ya mbuzi. Watu waliona alama mchangani wakasema hizi ni nyayo, kuna mbuzi katika shamba hili. Sisi tumepita shamba lote, kila kichaka. Mbuzi hayumo. Zile hazikuwa nyayo, ni upepo tu uliochezea mchanga. Mashamba mengine hatujapita.

Dada alieleza kwa utulivu, na baba alisikiliza huku akinitazama mimi, si yeye. Alipomaliza, machozi yakaanza kumtoka baba. Hospitali walikuwa wametuambia kwamba mtu aliyepata kiharusi huweza kulia bila kujizuia, hata kwa jambo dogo, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa analilia nini. Nilimfuta uso. Akasema maneno machache, polepole. Dada hakuyatafsiri.

"Amesemaje?"

"Subiri."

"Dada, amesemaje?"

"Amesema, kama hakipo, basi urudi nyumbani."

Nilimshika ule mkono uliolala nikabaki nimeushika mpaka akasinzia.

Jioni dada alikuwa anatwanga. Nikachukua mchi wa pili tukatwanga pamoja, kwa kupokezana. Baada ya muda akasimama.

"Nataka kusema kitu na usikasirike," akasema. "Mama alipoumwa, mimi nilikuwapo. Baba alipoanguka, nimeacha nyumba yangu Mtua, mume wangu anajipikia. Sikulaumu. Ulikuwa na kazi, na wote tulikubali uende. Lakini nikifikiria kwamba miaka yote ile ulikuwa unatafuta kitu ambacho hakikuwapo, nashindwa kuelewa."

"Ilibidi mtu atazame."

"Na kama isingetazamwa?"

"Watu wangeendelea kuamini ipo. Wangejenga mambo mengine juu yake."

"Sawa," akasema. "Lakini kwa nini awe wewe?"

Akarudisha mchi kwenye kinu tukaendelea. Swali hilo hakulirudia tena, na mimi bado nalibeba.

Siku chache baadaye jirani mmoja mzee alikuja kumjulia hali baba. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, wakasalimiana kwa Kimwera kwa muda mrefu, mambo ya mvua, mambo ya korosho. Nilikuwa nakunja nguo pembeni. Kisha mzee yule akanitazama, akamuuliza baba kuhusu kile kitu. Nililitambua neno kwa sababu nilishalizoea.

Baba akajibu kwa maneno mawili matatu tu, na kwa mara ya kwanza tangu nije nilielewa sentensi yake nzima bila dada kuwepo. Alisema: "Hakipo. Ametazama mwenyewe."

Jirani akatikisa kichwa, akasema kama ni hivyo basi, wakarudi kwenye korosho. Nilitoka na nguo zile za baba, na bila kufikiri nikazipeleka chumba cha dada.

Baba alifariki asubuhi moja, korosho zikiwa zinaanguka. Alikuwa amekunywa uji, amemwambia dada kwamba umepoa, kisha akageuza uso ukutani. Walimzika siku hiyohiyo alasiri. Kwa desturi yetu wanawake hawaendi kaburini, kwa hiyo mimi na dada tulibaki ndani tukisikia sauti za wanaume zikienda mbali pamoja na jeneza, mpaka tusisikie kitu. Wanawake waliokuja walinipa pole kwa Kiswahili, wakijua mimi ni wa mbali. Niliwajibu kwa Kimwera. Bibi mmoja aliyenijua utotoni akanishika shavu.

Tulisoma khitma, tukagawa nguo zake. Dada akafunga nyumba ili arudi Mtua. Tulikuwa tumesimama uani, ufunguo mkononi mwake, nikamwambia kwamba nitarudi Ulaya kumaliza, na kwamba huenda nitaendelea na kazi hiyohiyo.

"Najua," akasema.

"Baba alisema nirudi nyumbani."

"Baba alisema siku ile. Baadaye hakusema tena, na kinywa alikuwa nacho." Akaweka ufunguo kwenye pindo la khanga, akafunga fundo. "Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Usiniache niwe mtu wa kutumiwa salamu. Piga simu tuongee."

Nilirudi. Makala yetu ilitoka na majina mengi kiasi kwamba langu unalitafuta kwa kidole. Nilitetea kazi yangu, nikapewa shahada, nikaajiriwa katika kundi jingine la jaribio lilelile. Sasa natafuta chembe ya namna nyingine, nyepesi zaidi, ambayo huenda inapita katika kitambuzi bila kuacha alama yoyote isipokuwa nguvu inayopungua katika hesabu. Mpaka sasa hatujaona kitu. Nimeshashiriki kufungua mara nyingine kadhaa, na kila mara grafu imekuwa mteremko mtupu. Wapo wenzangu walioacha, wakaenda kwenye benki na makampuni ya kompyuta, na siwezi kuwashangaa.

Dada nampigia mara kwa mara, na tunaongea Kimwera. Mwanzoni alikuwa ananisahihisha kila sentensi. Siku hizi anasahihisha chache.

Mwaka huu nilikwenda wakati wa kuokota korosho. Dada na mumewe ndio wanaolitunza shamba la baba sasa. Tulikuwa tumeinama chini ya mikorosho, tunatenganisha korosho na matunda yake, mabibo, jua likiwa kali, akaniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza.

"Hivi siku ikionekana kweli, utajuaje kwamba ndiyo yenyewe, si upepo tena?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba kinundu cha kweli kinakua kadiri data zinavyoongezeka, na cha bahati kinayeyuka. Kwamba lazima na kundi jingine, lenye kitambuzi kingine, likione mahali palepale bila kuambiwa na sisi. Pale Kimwera kiliponishinda nilitumia Kiswahili. Alikuwa anasikiliza huku mikono inafanya kazi. Nilipofika kwenye habari ya kufunika grafu alinikatiza.

"Kwa hiyo mnajifunga macho wenyewe."

"Mpaka tuwe tayari."

"Na siku mnafungua, unaogopa?"

"Naogopa."

Akasogeza ndoo yake mbele, kwenye mti uliofuata, akaniita nimfuate, akisema upande ule korosho zimeanguka nyingi na wingu linakuja.